Muhula wa Kwanza wa Kidato cha Tano: Dalili, Vyanzo na Hatua kwa Mzazi

Kila mwezi Julai, stendi kuu ya mabasi ya Nanenane hapa Dodoma hujaa matranka, magodoro yaliyofungwa kamba na ndoo zilizoandikwa majina kwa rangi. Ni vijana wa kidato cha tano. Wengine wanaingia kutoka Tanga, Lindi na Dar es Salaam, wengine wanaondoka kuelekea Singida, Tabora na Mbeya, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 wapo pia wanaoshukia stesheni. Baada ya wiki mbili tatu simu huanza kuingia kwa wazazi, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu mzazi hukimbilia kutibu kile alichokisikia kwenye simu. Akisikia kilio, anatafuta uhamisho. Akisikia alama mbaya, anagomba. Akisikia pesa imeisha, anatuma nyingine.

Nimefundisha kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, na nimewahi kuwa mlezi wa mtoto wa dada yangu aliyetoka Tanga kuja kusoma bweni huku kwetu. Nililojifunza katika nafasi zote mbili ni kwamba dalili moja ya muhula wa kwanza inaweza kuwa na vyanzo vitatu au vinne visivyofanana, na hatua inayofaa kwa chanzo kimoja huharibu pale chanzo kinapokuwa kingine. Kwa hiyo maelezo haya yanaanza na kile ambacho mzazi anakisikia au kukiona, kisha yanatafuta kilichopo nyuma yake.

Jambo moja litangulie, kwa kuwa limo ndani ya karibu kila dalili. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kidato cha tano hufunguliwa Julai. Kijana amekaa nyumbani miezi saba. Katika miezi hiyo amemiliki simu, ameuza dukani kwa mama yake, pengine ameendesha bodaboda ya mjomba wake, amelala na kuamka kwa ratiba yake mwenyewe, na nyumba nzima imeanza kumwona kama mtu mzima. Kisha ghafla anaamshwa kwa kengele saa kumi na moja alfajiri, anapanga foleni ya uji, na simu yake imebaki kabatini kwa baba. Mzazi anayesahau miezi hiyo saba ataona ukaidi au udhaifu mahali ambapo kuna mshtuko tu wa kurudishwa nyuma.

Anapiga simu kila siku akitaka kurudi nyumbani

Kabla ya kusikiliza anachosema, angalia simu imetoka wapi. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu, na mawasiliano ya kawaida hupitia kwa matroni, patroni au mwalimu wa zamu, mara nyingi siku za mapumziko. Simu inayoingia kila usiku saa nne kutoka namba ngeni ina maana kwamba kijana ana simu ya kificho au anaazima kwa mwenzake kwa malipo. Hilo pekee linaeleza sehemu ya tatizo: halali vya kutosha, anaishi kwa hofu ya kukamatwa, na kila usiku anaurudisha moyo wake nyumbani. Usimripoti kwa hasira, lakini pia usiizoee hiyo namba. Mwambie utazungumza naye Jumapili kupitia kwa matroni, kisha timiza ahadi hiyo bila kukosa hata mara moja. Kijana anayejua kwa hakika kwamba Jumapili saa tisa mama atapiga huacha kuihangaikia simu siku nyingine.

Baada ya hapo tenganisha vyanzo. Mtoto aliyesoma shule ya kutwa ya kata miaka minne, ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba yao, hulia kwa sababu ya upweke, na upweke huo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Kama wiki ya kwanza alilia kwa dakika kumi na wiki ya tatu analia kwa mbili kisha anasimulia habari za mwalimu wa Kemia, uponyaji unaendelea na hupaswi kuuvuruga kwa kumtembelea ghafla. Mtoto aliyekosa kifaa hulia kwa namna nyingine: hutaja kitu kilekile kila mara. Wakati mwingine kitu chenyewe ni kidogo sana, kama kufuli la tranka. Tranka lisilo na kufuli huibiwa sabuni, huibiwa nguo za ndani, na mwenye tranka huanza kuchukia shule nzima. Chanzo cha tatu ni uonevu, na dalili yake ni kwamba kilio kinaongezeka badala ya kupungua, kijana anakwepa kutaja mahali fulani, bweni fulani au saa fulani, na akiulizwa jina la rafiki hata mmoja hana. Hapo hatua haingoji Jumapili. Nenda shuleni mwenyewe, onana na mkuu wa shule na mwalimu wa malezi, na uombe kijana ahamishwe bweni wakati jambo linachunguzwa.

Uhamisho wa shule nauweka mwisho kabisa. Kila mwaka nimeona wazazi wakiutafuta katika mwezi wa kwanza wa muhula, ambao ndio mwezi usioonyesha chochote cha kuaminika.

Alama zimeporomoka

Hili ndilo linaloleta magomvi mengi kuliko yote, nami nitalikalia zaidi.

Jumapili moja ya mwezi Septemba nilimtembelea yule mtoto wa dada yangu. Alikuja hadi chini ya mwarobaini nilipoketi, midomo imepasuka kwa upepo, akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne. Lilikuwa jaribio la Fizikia, limeandikwa 41 kwa wino mwekundu. Akasema, “Mama mdogo, mimi nilipata A ya Fizikia kidato cha nne,” kisha akanyamaza, kwa sababu angeendelea angelia mbele ya wenzake.

Niliikunjua karatasi juu ya kapu la chakula. Maswali yalikuwa matano, kila moja alama 20. Swali la kwanza alipata 17, la pili 18, la tatu 6, na mawili ya mwisho hakuyagusa. Maana yake ni kwamba katika yale mawili aliyoyamaliza alipata 35 kati ya 40. Kijana huyu Fizikia alikuwa anaielewa. Nilipotazama vizuri nikaona kwamba kila swali alilinakili lote kwa mwandiko wa kupendeza kabla ya kulijibu, na chini ya kila jibu alipiga mistari miwili kwa rula, kama alivyozoeshwa alikotoka. Muda wake uliishia kwenye kunakili. Kama ningeisoma ile 41 bila kuikunjua karatasi, ningemwambia aongeze bidii, naye angeongeza kukesha, na jaribio linalofuata angelinakili kwa uchovu zaidi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba karatasi yenyewe, wala usitosheke na alama iliyotajwa kwenye simu. Ukiwa mbali, mwombe mwalimu wa darasa akutumie picha. Huhitaji kujua Fizikia ili kuona kurasa zilizo wazi.

Hatua ya pili ni kuelewa kwamba kipimo kimebadilika. Kidato cha nne, A huanzia 75; kidato cha sita huanzia 80. Alama 65 zilizokuwa B sasa ni C, kwa kuwa C inakwenda kutoka 60 hadi 69. Alama 45 zilizokuwa C sasa ni E. Alama 30, zilizompa D na kuhesabiwa kuwa amefaulu, sasa ni F, kwa sababu chochote kilicho chini ya 35 ni F. Kijana aliyebaki palepale alipokuwa anaonekana ameshuka gredi moja, mbili au hata tatu. Zaidi ya hapo, daraja la kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, hivyo somo lililomshinda liliweza kujificha nyuma ya mengine. Kidato cha sita daraja huhesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo anaousoma, peke yake, na hakuna pa kulificha somo hata moja. Upande wa pili wa hesabu hiyo unatia moyo, nami huwasomea wazazi mara nyingi: C moja ni pointi 3, C tatu ni pointi 9, na pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza. Wapo wazazi wanaowagombeza watoto kwa C tatu bila kujua kwamba wanaligombeza daraja la kwanza.

Ukishaondoa tatizo la kipimo na tatizo la muda, yanabaki mengine machache. Lipo la lugha. Shule nyingi za sekondari hufundisha kwa Kiingereza kwenye daftari na kwa Kiswahili mdomoni, na kijana huvuka kidato cha nne kwa kukariri. Kidato cha tano anatakiwa asome kitabu peke yake, akielewe, kisha ajenge hoja. Dalili yake ni kwamba katika maswali ya hesabu anapata, lakini palipoandikwa aeleze au ajadili anaandika mistari miwili isiyohusiana na swali. Kwa mwanafunzi wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) dalili hii huonekana mapema zaidi, kwa kuwa Historia ya ngazi hii ni insha, na insha ya hoja tano zisizo na ushahidi haipiti. Dawa ni kusoma kurasa chache kila siku kwa sauti na kuziandika upya kwa maneno yake mwenyewe, jambo linalochosha mwanzoni na linalozaa matunda polepole, kwa hiyo mzazi asitarajie badiliko kabla ya muhula wa pili.

Lipo pia la kuchelewa kuripoti. Familia iliyokuwa inatafuta nauli na vifaa, au iliyosubiri awamu ya pili ya uchaguzi wa wanafunzi wa kidato cha tano, humfikisha mtoto wiki kadhaa baada ya wenzake kuanza, na mada za mwanzo ndizo zinazobeba zinazofuata. Huyu anahitaji daftari la mwenzake mmoja makini na mwalimu wa kumwelekeza aanze wapi. Kuhusu wale waliopitia masomo ya maandalizi kati ya Aprili na Juni, ambao mwezi wa kwanza wanajibu kila swali darasani na kuwatia wengine unyonge, mwambie mwanao kwamba wanazirudia mada walizokwisha kuzisikia, na zikiisha wote watakuwa kwenye mstari mmoja. Nimeliona hilo kila mwaka, kwa kawaida kufikia Oktoba.

Nyongeza fupi kwa wazazi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia): ulizia somo la BAM, yaani hisabati ya msingi (Basic Applied Mathematics). Vijana hulidharau kwa kuwa halimo katika yale matatu, na baadaye huwakwaza wanapoomba vyuo.

Anataka kubadili tahasusi

Swali la kwanza la kujiuliza, mzazi mwenzangu, ni nani aliyeichagua. Kama ulimwambia achague PCB kwa sababu ukoo unahitaji daktari, au kama alijazwa tahasusi asiyoitaka kwa kufuata ufaulu wake wa kidato cha nne, ombi lake linastahili kusikilizwa mapema, katika wiki za mwanzo, kabla darasa analotaka kuhamia halijakwenda mbali. Kama aliichagua mwenyewe kwa furaha na sasa anaikimbia baada ya jaribio la kwanza, kinachomkimbiza ni hofu, na akienda EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) au HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) ataikuta hofu hiyo inamsubiri.

Namna ninayoitumia kutofautisha ni kumwomba aeleze mada moja aliyoisoma wiki hiyo. Mwenye hofu ataeleza vizuri kisha atasema hawezi. Aliyepotea njia hatakuwa na hamu hata ya kuanza kueleza, lakini ukimuuliza kuhusu somo analolitaka atazungumza robo saa.

Kabla ya kukubali, fungueni pamoja mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mtazame kozi anayoitaka inadai masomo yapi. Sharti la jumla la shahada ni ufaulu mkuu katika masomo mawili, na ufaulu mkuu unaishia kwenye E, yaani alama 40. S, ambayo ni 35 hadi 39, haihesabiwi humo. Alama moja kati ya 39 na 40 inaweza kufunga mlango wa chuo kikuu, na kijana anayelijua hilo huitazama tahasusi yake kwa macho mengine. Mkikubaliana abadili, anzeni kwa mkuu wa shule, kwa sababu si kila shule ina tahasusi inayotakiwa au nafasi katika darasa hilo, na ikikosekana suala linageuka kuwa la kuhama shule na kufika ofisi ya elimu ya mkoa.

Mwili unalalamika

Dodoma ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua zake huanza mwishoni mwa mwaka, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa na baridi na mchana huwa na upepo mkavu wa vumbi. Kijana wa pwani aliyekuja na shuka mbili bila blanketi ataanza na kukohoa, kukauka midomo na kutokwa damu puani. Mtumie blanketi zito, sweta na mafuta ya mgando ya kupaka midomoni na puani. Damu ikitoka aketi, ainamishe kichwa mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika kumi huku akipumua kwa mdomo; kuinua kichwa juu, kama wengi tulivyofundishwa, huipeleka damu kooni. Ikitoka mara kwa mara au isipokoma, aende zahanati. Maji ya visima katika maeneo mengi ya huku yana chumvichumvi, na wageni huyakwepa, wanakunywa vikombe viwili kwa siku, kisha wanaumwa kichwa na kupata choo kigumu. Muulize anakunywa kiasi gani kabla ya kumtumia dawa za maumivu.

Kichwa kinachoanza kuuma katikati ya vipindi na kuacha siku za mapumziko kinaweza kuwa ni macho. Aliyekuwa anakaa mbele sasa amekaa nyuma ya darasa kubwa. Apimwe.

Mtoto mwenye pumu au seli mundu lazima matroni, mwalimu wa darasa na mwanafunzi mmoja wa bwenini wajue hali yake, kwa maandishi na pamoja na jina la dawa, kwa sababu vumbi huamsha pumu, na baridi pamoja na upungufu wa maji huamsha maumivu ya seli mundu. Homa ipimwe malaria kwanza kabla ya dawa yoyote. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kipimwe kifua kikuu, kwani bweni ni mahali pa kuambukizana.

Pesa inaisha haraka

Tangu mwaka wa fedha 2022/2023 ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali imefutwa, lakini bado kuna nauli, madaftari, sabuni, taulo za kike na matumizi madogo. Pesa ikiisha mapema, muulize alikula nini jana usiku. Akikujibu chipsi au maandazi ya dukani, tatizo ni chakula cha shule kinachomshinda, na unaweza kupunguza makali kwa karanga na unga wa lishe kama shule inaruhusu. Akishindwa kueleza kabisa, ama anaibiwa, ama ananyang’anywa, ama analipa deni. Tuma kidogo kidogo kupitia kwa mwalimu, na fuatilia chanzo.

Amenyamaza

Wazazi hushukuru mtoto asiposumbua, na mimi naihofia dalili hii kuliko kilio. Kijana aliyekuwa mzungumzaji akianza kujibu “nzuri tu” kwa kila swali, akiacha kuulizia wadogo zake, akagawa vitu vyake, au mwalimu akasema halali au analala muda wote, chukua nauli uende. Usimhoji mbele ya wenzake. Tembea naye kiwanjani, na umwachie nafasi ya kunyamaza mpaka aseme. Yanayojificha humo ni pamoja na mapenzi yaliyovunjika, ujauzito, kuguswa vibaya na mtu mwenye mamlaka, deni, au sonona isiyo na sababu inayoonekana. Binti akiwa mjamzito ajue mapema kutoka kinywani mwako kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu aliyejifungua kurudi masomoni, kwa sababu vitendo vya hatari hufanywa na binti anayeamini maisha yamekwisha.

Akisema neno lolote la kutamani kufa, usimwache peke yake na usingoje muhula ufungwe. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hapa Dodoma ipo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na hakuna aibu yoyote kupita lango lake. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure, nawe mzazi unaweza kuipiga.

Ripoti ya Desemba

Atakaporudi, mwache alale siku mbili tatu kabla ya kufungua ripoti. Kisha muisome pamoja mkiwa na karatasi za mtihani, mkianzia na maoni ya walimu, na mkubaliane jambo moja tu kwa kila somo la kurekebisha kuanzia Januari.

Yule mtoto wa dada yangu alifunga muhula na 58 ya Fizikia, ambayo ni D. Dada alinipigia simu kutoka Tanga akiwa na wasiwasi mkubwa juu ya hiyo D. Nilimwomba amwambie kijana alete karatasi, ahesabu maswali aliyoyaacha bila kujibu. Nikawasikia wakifunua kurasa. Halikuwepo hata moja.